Toughbook CF-31 ya gereji imezeeka: niiongezee nguvu au nitafute nyingine?

Spana_17

Wakuu, naomba mawazo yenu. Laptopu ya kupimia magari ni Panasonic Toughbook CF-31, prosesa i5-2520M, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 320, Windows 7 ya biti 32. Inachukua kama dakika nne kuwaka na betri inakaa dakika 40 tu.

Vinavyochomekwa ni vitatu: kebo ya RS-232 (poti ya serial) ya pini 9 kwa malori ya zamani, intafesi ya J2534 ya USB (ya kuunganisha laptopu na kompyuta za gari), na oskiloskopu ya USB. Programu mpya ya J2534 inataka Windows 10 ya biti 64. Ile ya malori leseni yake imefungwa kwenye mashine hii, na aliyeitengeneza haitoi tena.

SSD (diski isiyozunguka) na RAM vitatosha, au nitafute mashine nyingine? Kama ni kununua, niangalie nini? Halafu chaja yake imeanza kukatakata. Kuna chaja ya laptopu ya kawaida ya volti 19, kichwa kinaingia vizuri kabisa. Naweza kuitumia kwa muda?

Fundi_Waya

Nianze na la mwisho kabla hujaunguza kitu: hapana. CF-31 inataka volti 15.6, chaja yake ni ya ampea 7.05, yaani wati 110. Kichwa cha mm 5.5 kwa 2.5 kinatumiwa na chaja nyingi za volti 19, ndiyo maana kinaingia. Kuingia siyo kufaa. Soma lebo ya chaja, usisome kichwa.

Sasa mashine yenyewe. Usianze kwa kujiuliza laptopu gani, anza na kile kinachochomekwa. Una kazi mbili ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Programu ya malori inaishi kwenye biti 32, na kama ina sehemu za biti 16 (za umri huo nyingi zinazo, hasa kwenye kisakinishi) haitafunguka kabisa kwenye Windows ya biti 64. Draiva ni hivyo hivyo: ya biti 32 haipakiwi na Windows ya biti 64, hata ubembeleze vipi. Upande wa pili, programu ya J2534 yenyewe mara nyingi bado ni ya biti 32 na inakwenda vizuri juu ya biti 64, mradi draiva ya USB ya intafesi iwe ya biti 64. Kwa hiyo CF-31 ibaki ya malori kama ilivyo, na J2534 ipate mashine yake.

Kwa kuifufua CF-31, SSD ndiyo itakayoonekana. Diski ya kuzunguka ya laptopu inasoma karibu MB 100 kwa sekunde mafaili yakiwa yamepangika, na yakitawanyika inashuka vibaya sana. SSD yoyote ya SATA ya inchi 2.5 inatosha. Angalia unene: SSD nyingi ni mm 7, na diski kuukuu kwa kawaida ni mm 9.5. Jaza hilo pengo la mm 2.5 kwa kipande cha plastiki au sponji ngumu, la sivyo SSD itacheza ndani ya kisanduku chake na soketi italegea. Ndani ya kisanduku hicho kuna utepe mwembamba wa waya unaounganisha diski. Huo ndio unaokatika watu wakivuta diski kwa haraka. Sukuma diski kutoka upande wa soketi, usivute utepe.

RAM usiisumbukie sana. Windows ya biti 32 inaishia GB 4, na katika hizo utaona kama 3 hadi 3.5 tu. Kuongeza hadi GB 8 kwenye biti 32 ni kupamba soketi.

Usipige Windows upya. Nakili diski nzima na Clonezilla, ukianza na nakala kwenye diski ya nje halafu kutoka hapo kwenda SSD. Kuhusu leseni, kunakili kunahifadhi namba ya sehemu ya C, ila namba ya kiwandani ya diski inabadilika. Zipo programu zinazosoma ya kwanza na zipo zinazosoma ya pili. Kama kuna kitufe cha kuondoa leseni kwa muda, kitumie kabla ya kunakili. Kama hakuna, diski ya zamani usiifute kamwe. Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umemetuli na uandike tarehe juu.

Na ukifungua mfuniko wowote, futa mpira wa kuzuia maji kwa kitambaa kikavu na uhakikishe umelala kwenye mfereji wake kabla ya kukaza. Mpira uliojikunja ni hatari kuliko mpira uliokosekana, kwa sababu hutauona kasoro yake.

Kijiti

Mnamsumbua bure. Weka SSD, RAM GB 8, piga Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama). Kwenye prosesa ya kizazi cha pili kama yako inawaka vizuri tu.

Grisi_Nyeusi

Kijiti, inawaka kweli. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inataka prosesa yenye amri za POPCNT na SSE4.2, na i5-2520M inazo. Lakini orodha rasmi ya Intel inaanzia kizazi cha 8, na kwenye mashine isiyo kwenye orodha matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, unarudia kuyapiga kwa mkono. Intel haikutoa draiva ya picha ya HD 3000, iliyo ndani ya prosesa hiyo, kwa Windows 10, sembuse 11. Na Windows 11 haina biti 32, kwa hiyo programu yake ya malori imekufa siku hiyo hiyo. Kwa laptopu ya kuangalia video ungekuwa sahihi.

Kuna jambo lingine halijatajwa: kioo. CF-31 ni 1024 kwa 768. Programu nyingi za sasa zimechorwa kwa upana wa 1366 au 1920, na kwenye kioo hicho kitufe cha "endelea" kinaweza kubaki chini nje ya skrini. Hilo halitibiwi na SSD.

Kwa mashine ya pili, Windows 10 ya kawaida iliacha kupata masahihisho tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo tafuta inayokubali Windows 11: prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, TPM 2.0. Zilizotumika zinazopatikana ni Dell Latitude 5420 Rugged na 5424 Rugged, au Panasonic Toughbook 55. Kuwa macho na jina: kuna Latitude 5420 Rugged ya 2018 na kuna Latitude 5420 ya ofisini ya 2021. Namba ni moja, mashine ni mbili tofauti kabisa, na tangazo la mauzo likiacha neno "Rugged" utaletewa ya ofisini. Hata kwenye Rugged yenyewe usiamini jina la modeli. Andika msinfo32, soma mstari wa prosesa. Kwenye Rugged hizo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, mfano i5-8350U, ndiyo kizazi. Ikianza na 7, achana nayo.

Toughbook 55 ni ya ugumu wa kati, IP53 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji), siyo IP65 kama CF-31 yako. Kwa gereji yenye paa inatosha. Kwa kuosha injini karibu nayo haitoshi. Ila tuwe wakweli: hiyo IP65 inahesabika vifuniko vya milango vikiwa vimefungwa. Ukiwa na kebo ya USB imechomekwa, kifuniko kiko wazi, na kazi yako yote inafanywa hivyo. Na kipimo cha kuangusha cha MIL-STD-810, kanuni ya majaribio ya jeshi la Marekani, ni mara 26 kutoka mita 1.22, lakini kanuni inaruhusu kugawa hizo mara 26 kwa mashine hadi tano. Isome kama dalili ya ubora, siyo ruhusa ya kuitupa chini.

Nati_Bolti

Kuna wanaosema chukua laptopu ya ofisini yenye SSD, ivalishe mpira, iweke kwenye toroli. Siyo ujinga. Sababu moja kubwa ya kufa kwa laptopu za kawaida gereji ilikuwa diski ya kuzunguka kugongwa, na SSD haina kinachozunguka. Kinachobaki ni vumbi la grinda. Lile ni chuma, linapitisha umeme, na feni inalivuta moja kwa moja hadi kwenye bodi. Kama toroli inakaa mita kadhaa kutoka kwenye grinda na kulehemu, sawa. Kama sivyo, nunua ngumu.

Vyovyote utakavyochagua, chomeka kebo fupi ya USB ya kurefushia, nusu mita hivi, na uiache hapo siku zote. Mtu akijikwaa atang'oa kebo na siyo soketi iliyolehemewa kwenye bodi.

Unapokagua iliyotumika, ingia BIOS kwanza. Kama kuna neno la siri la msimamizi, irudishe. Kwenye mashine za kazi halifutiki kwa kuchomoa betri ya CMOS. Kisha fungua tpm.msc uone kama ni 2.0. Halafu powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Chini ya nusu, hesabu betri mpya kwenye bei. Kwenye Windows 7 yako amri hiyo haipo, tumia powercfg /energy, takwimu zile zile ziko mwishoni mwa ripoti. Jaribu kila mlango wa USB huku ukiutikisa.

Spana_17

Nimeelewa, nagawanya kazi. Maswali mawili. Clonezilla inakataa kwa sababu SSD niliyonayo ni GB 240 na diski ni 320, ingawa vilivyotumika ni GB 90 tu. Na mashine mpya ikija bila RS-232, adapta ya USB itafanya kazi?

Fundi_Waya

Clonezilla inapima ukubwa wa sehemu, haiangalii ulichokijaza. Kwanza punguza C ndani ya Windows, kwenye Disk Management, hadi GB 200. Ikigoma kushuka, kuna mafaili yasiyohama katikati ya diski. Zima usingizi mzito kwa powercfg /h off, zima faili la kumbukumbu pepe, zima System Restore, washa upya, jaribu tena. Ukimaliza utavirudisha. Kisha kwenye Clonezilla chagua hali ya wataalamu, weka alama kwenye -icds ili isikague ukubwa wa diski ya kupokea. Kama sehemu zote sasa zinaingia kwenye GB 240, itakubali. Kama kuna sehemu ya kurejeshea mfumo mwishoni mwa diski, hiyo ndiyo itakayokukwamisha. Isogeze kwa GParted (programu ya kugawa diski) kwanza.

SSD isipowaka baada ya hapo, tumia diski ya kupigia Windows 7, ingia sehemu ya kurekebisha, andika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot. Na angalia msinfo32, kwenye diski, mahali sehemu ya kwanza inapoanzia. Namba igawanyike kwa 4096 bila baki. Kama diski ile iliwahi kugawanywa na Windows XP, inaanzia sekta ya 63 na SSD itakuwa nzito bila sababu inayoonekana.

Grisi_Nyeusi

Adapta ya RS-232: nunua yenye chipu halisi ya FTDI. Zile za PL2303 za bei ya chini, nyingi ni nakala au chipu zilizokwisha kutengenezwa, na draiva mpya inazikataa kwa kosa la 10. Ukishachomeka ingia Device Manager, Ports, mipangilio ya juu, shusha Latency Timer kutoka 16 hadi 1. Hizo milisekunde 16 hazina maana kwa printa. Kwa kuongea na kontroli boksi (kompyuta ya gari) ya zamani inayosubiri jibu ndani ya milisekunde chache, ni tofauti ya kuunganika na kutounganika. Hapo hapo badilisha namba ya poti (COM) iwe kati ya 1 na 4, programu kongwe hazioni zaidi ya hapo.

Hata hivyo kwa yale malori endelea na CF-31, poti yake iko kwenye bodi na haina ucheleweshaji huo. Ichomoe kwenye intaneti moja kwa moja. Ikiwa inakaa kwenye umeme siku nzima, washa ile ECO ya betri ya Panasonic, inasimamisha chaji karibu asilimia 80 na betri mpya haitakufa mapema.

Nati_Bolti

Niongeze la kuflashi (kuandika programu upya kwenye kontroli boksi), kwa kuwa J2534 ndiyo kazi yake. Ukiflashi kwa CF-31 kabla mashine ya pili haijafika, betri ya dakika 40 haifai hata kama umeme upo, chaja inayokatakata ndiyo itakayoua kontroli boksi katikati ya zoezi. Badilisha betri na chaja kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye mpango wa umeme wa Windows: usingizi "kamwe", kufunga mfuniko "usifanye chochote", na zima USB selective suspend. Simamisha masasisho ya Windows. Laptopu ichomekwe ukutani, siyo kwenye soketi ya gari, maana programu itakuagiza uzime na kuwasha swichi na soketi hiyo itakata. Gari lenyewe liwekewe kifaa cha kushikilia volti, 13 hadi 13.8 kwa mfumo wa volti 12. Chaja ya kawaida ya betri isitumike, umeme wake unayumba.