Mrejesho: nyasi bandia za gofu uani

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama naweza kutandika nyasi bandia za kuchezea gofu juu ya udongo hivihivi kwenye kaeneo kangu kadogo nyuma ya nyumba, mkasema nichimbe kwanza, aisee asanteni sana.

Tulitoa udongo kama sentimita 12, tukamwaga kokoto na kushindilia kwa mashine, juu yake vumbi la mawe, likamwagiwa maji likashindiliwa tena mpaka ukikanyaga kisigino hakiachi alama, na hapo ndo kazi yote ilipo maana kila kabonde unakokaacha chini mpira utakuonyesha juu. Mteremko kama asilimia 2 kwenda mbali na ukuta, mvua kubwa imepiga na maji hayajatuama kabisa!

Shimo la kuingizia mpira lina upana wa milimita 108, saizi ileile ya viwanja vya mashindano. Ukishatandika nyasi, mchanga wa silika (ule mkavu wa kujazia katikati ya nyasi) mwaga kidogokidogo juu yake huku unapiga brashi, ukizidi mpira unakimbia sana.

Na yule aliyeuliza kuhusu joto, jua la mchana nyasi hizi zinachoma kweli, usiruhusu watoto wakanyage peku, mwagia maji kwanza.