"Kuna tatizo, jaribu tena baadaye": madevelopa mnatukomoa kusudi au?

Wadau, hivi mtu anayeandika ujumbe wa kosa unaosema "Kuna tatizo, jaribu tena baadaye" anataka nifanye nini? Tatizo lipi, kwenye nini, na hiyo baadaye ndo kitabadilika nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba programu INAJUA. Inakwama pale inafungua faili, jina la faili inalo, folda inaijua, mfumo endeshi umeshaijibu kabisa kwamba ruhusa huna, halafu mtu kaidaka eksepsheni (ile taarifa ya kosa ndani ya programu) katupa yote hayo kaandika "imeshindikana". Mi naanza kupekua logi, kumbukumbu za matukio ya mfumo, usiku, nafungua nakuta nayo imeandikwa "imeshindikana". Mxiuuu.

Au ile "koneksheni imekataliwa". Na seva ipi sasa, poti gani, yaani mlango upi wa hiyo seva? Mfumo una sevisi kibao zinaitana zenyewe kwa zenyewe, nianzie wapi? Andika "nimeshindwa kuunganisha 10.0.0.5 poti 5432", basi, hiyo poti tu nikiiona najua ni hifadhidata ya PostgreSQL, naenda moja kwa moja.

Na msiniambie haiwezekani. SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ilitutesa miaka na ile ya data kukatwa kwa kuzidi urefu wa kolamu, unaingiza marekodi lundo kwenye jedwali lenye kolamu kama utitiri, inakwambia tu kuna data ingekatwa, ipi utajua mwenyewe 😡 Toleo la 2019 ndo likaja na ujumbe unaotaja jedwali, kolamu na thamani yenyewe. Lugha ya Java nayo, NullPointerException (kosa la kutumia kitu ambacho ni null, yaani hakipo) ilikuwa inakupa namba ya mstari tu, na mstari wenyewe una methodi nne zimeunganishwa kwa nukta, mpaka Java 14 mwaka 2020 ndo ikaanza kusema kipi hasa kilikuwa null. Kumbe ni kuamua tu.

Najua watakuja wale wa "ni mambo ya usalama". Sawa, nenosiri na taarifa za watu msiweke, na mtumiaji wa kawaida hana haja ya kuona utumbo wa mfumo. Mpeni namba ya tukio, maelezo kamili yaende kwenye logi kwa namba hiyohiyo, akipiga simu naitafuta naikuta. Ila kuficha mpaka mimi ninayelipwa kurekebisha nisione, huo usalama wa nani?

Na wewe unayeacha catch tupu, ile sehemu ya kudaka kosa, mabano mawili ndani hewa, subiri tukutane kwenye rivyu ya kodi.