Wizi wa bei kwa wasafiri umezidi, na tuache kumpa kesi anayeibiwa

Habari zenu wakuu,

Hili jambo nimekaa nalo rohoni muda mrefu na leo naomba nilitapike lote. Kila mtu akija kulalamika kwamba kapigwa hela ugenini, komenti ni zilezile, "ulizubaa", "mjini shule", "si ungeuliza kwanza". Yani aliyeibiwa ndo anapewa kesi, na mwizi mwenyewe mwenye leseni ukutani na mashine ya kadi mkononi hakuna anayemgusa. Mi nakataa. Hawa siyo vibaka wa uchochoroni, wana vibali, wana mabango yanayowaka taa, polisi wanapita mbele yao mchana kweupe. Na mchezo wao ni mmoja tu kila nchi, bei halisi hauijui mpaka ushakula, ushapanda au ushasaini, na hapo huna tena pa kutokea.

Nianze na migahawa maana ndo yenye machungu yangu. Roma, mtaa wa nyuma ya kanisa moja linalojaa watalii, menyu imebandikwa mlangoni na samaki wa kuchoma kaandikwa 8. Nikamuuliza weita kabisa kabla sijakaa, hii nane ni ya sahani nzima? Akatingisha kichwa yes yes huku ananivutia kiti. Bili inakuja, samaki peke yake yuro 88! Kuuliza, ananionyesha pembeni ya ile 8 kuna maandishi madogo kama sisimizi kwamba ni kwa kila gramu 100. Samaki kapimwa mbichi na kichwa chake na mkia wake na miiba yote, kilo moja na gramu mia, kapimwa huko jikoni, sikuitwa kuona mzani wala sikuonyeshwa huyo samaki. Juu yake kuna mkate ambao hakuna aliyeuagiza, kuna hela ya kukalia kiti, kuna maji, halafu chini kabisa kuna asilimia ya huduma. Sasa hapo mtu anakuja kuniambia nilizubaa, nilizubaa wapi wakati swali nimeuliza na jibu nimepewa?

Na siyo mimi peke yangu. Mwaka 2018 kule Venice wanafunzi wanne wa Kijapani walikula nyama na samaki wa kukaanga wakaletewa bili ya zaidi ya yuro 1,100, ikawa habari dunia nzima, wakaguzi walipoingia kwenye mgahawa wenyewe ukakutwa na makosa na ukapigwa faini. Mwaka uliofuata, Roma hiyohiyo, Wajapani wawili walikula tambi na samaki wakalipa zaidi ya yuro 429 na kati ya hizo 80 ni bakshishi ambayo mgahawa umejiandikia wenyewe. Hao nao wote walizubaa? Ona kinachotokea, ikishakuwa aibu kwenye magazeti ndo serikali ya mji inakumbuka kukagua, lakini wewe na mimi tusio na mwandishi wa habari tunalipa na kuondoka.

Kwaiyo samaki au nyama yoyote inayouzwa kwa uzito, mwambie aipime mbele ya macho yako na aandike bei ya mwisho kwenye karatasi kabla haijaingia motoni. Akikataa nyanyuka. Mkate na vikorokoro vinavyoletwa mezani bila kuagizwa, uliza hapohapo kama vina bei, kama vina bei na huvitaki mwambie aviondoe na usiguse hata kimoja. Na menyu ipige picha, wanaichukua fasta sana ukishaagiza.

Sasa mashine ya kadi, na hapa naomba msome taratibu maana hili linawagusa wote wenye kadi hata kama hamjawahi kukanyaga Roma. Ukilipa ugenini mashine inakuuliza uchague kimoja kati ya viwili, ulipe kwa pesa ya nchi uliyopo au kwa pesa ya kadi yako. Yule weita aliigeuza mashine upande wake, akabonyeza yeye, ndo akanirudishia niweke namba ya siri tu. Risiti inatoka imeshabadilishwa hela, tena kwa reti ya ajabu ambayo benki yangu isingenipa. Unajua kwanini wana haraka hivyo? Ukikubali kulipa kwa pesa ya kwenu, anayebadilisha hela siyo benki yako tena, ni kampuni ya ile mashine, anajipangia reti yake, anaweka faida yake juu, na mwenye duka anapewa mgao. Ni asilimia 3, ni 5, kuna sehemu inapita hata 10, kwa kazi ambayo benki yako ingeifanya kwa bei ndogo zaidi. Kanuni za Visa na Mastercard zinasema wazi mteja ndo anachagua, siyo muuzaji. Umoja wa Ulaya toka Aprili 2020 umelazimisha mteja aonyeshwe hiyo asilimia ya ziada ukilinganisha na reti ya Benki Kuu ya Ulaya kabla hajakubali. Sheria ipo, lakini sheria inasaidia nini kama weita ndo ameishika skrini?

Chagua pesa ya nchi uliyopo, siku zote, dukani, hotelini, popote. Mashine ishike wewe, soma wewe, bonyeza wewe. Akishabonyeza yeye mwambie afute aanze upya na usiweke namba ya siri mpaka uone yuro ni yuro, bati (pesa ya Thailand) ni bati.

ATM ndo balaa zaidi kwasababu hakuna hata mtu wa kubishana naye. Zile zilizotapakaa kwenye mitaa ya watalii na eapoti, ambazo hazina benki nyuma yake, zinakuletea skrini imeandikwa kubali ubadilishaji au kataa, kubali iko kijani kubwa inapendeza, kataa iko pembeni nyekundu inatisha, na watu wengi wanaamini wakikataa hela haitatoka. HELA INATOKA. Ukikataa unakataa reti yao tu, muamala unaendelea na benki yako ndo inabadilisha. Wameipanga hivyo makusudi umuogope yule mwekundu. Na kiasi wanachokupendekezea kwenye skrini ya kwanza huwa kikubwa kwasababu hiyohiyo. Tafuta ATM iliyo ukutani mwa benki ya kweli, ni hatua chache tu mara nyingi.

Maduka ya kubadilisha hela nayo yana bango lao, "komisheni 0%". Sawa komisheni hakuna, lakini angalia bei ya kununua na ya kuuza, pengo lililopo katikati ndo komisheni yenyewe, wameificha humo. Prague, mji mkuu wa Czech, walisifika vibaya kwa hili miaka na miaka, reti nzuri inayoonekana kwa mbali kumbe ni ya kuuza, yako wewe unayeleta yuro iko kwenye karatasi ndogo. Unajua walichofanya? Toka Aprili 2019 sheria ya Czech inakupa masaa matatu kurudi dukani na risiti yako urudishiwe hela zako kama kiasi hakizidi thamani ya yuro 1,000, na ada juu ya kubadilisha ikapigwa marufuku. Masaa matatu! Ndo maana nasema huu upigaji siyo mvua kwamba utanyesha tu, ni watu wameamua kuuacha na kwingine watu wameamua kuuzuia.

Teksi hivyohivyo. New York kutoka uwanja wa ndege wa JFK mpaka Manhattan teksi za njano zina bei moja, dola 70, halafu juu yake unaongeza ushuru wa barabara, nyongeza zao na bakshishi, na dereva hawezi kukupangia nyingine. Paris toka 2016 kutoka uwanja wa Charles de Gaulle kuja mjini bei ni ya serikali, inategemea tu unaenda upande gani wa mto. Bangkok ni mita na nyongeza ndogo ya uwanja wa ndege. Sasa yule anayekudaka ndani ya ukumbi kabla hujatoka nje, anakushika begi anakuita rafiki, "teksi teksi my friend", huyo hayupo kwenye utaratibu wowote katika hiyo, anakusubiri humo ndani kwasababu nje kwenye foleni kuna bei inayojulikana. Begi lako usimpe. Likishaingia kwenye buti yake hata kubishana bei unabishana ukiwa mateka.

Bangkok hiyohiyo kuna ule mchezo wa Ikulu Kuu, jumba la wafalme linalotembelewa na watalii. Unakaribia geti, anakuja mzee kavaa nadhifu kabisa, anaongea kwa upole, anakwambia leo wamefunga, kuna sherehe, lakini kuna tuktuk ya bati chache itakuzungusha mahekalu mengine. Wala hawajafunga. Tuktuk inakupeleka duka la vito, unaambiwa leo ndo siku ya mwisho ya punguzo la serikali, ukanunue ukauze kwenu kwa faida. Mchezo wa miaka mingi sana huu na bado unakula watu kila wiki. Geti lifikie mwenyewe mpaka uguse. Polisi wa utalii wa Thailand namba yao ni 1155, ihifadhi kwenye simu kabla hujapanda ndege. Na ukodishaji wa jet ski, zile pikipiki za majini, huko Pattaya na Phuket sitaki hata kuuzungumza sana, pasipoti yako usiiache kwa mtu kama dhamana, ukirudisha chombo unaonyeshwa mikwaruzo iliyokuwepo toka zamani na pasipoti iko droo yake. Piga video chombo chote kabla hujakipanda, na gari la kukodi vilevile.

Na siku hizi unapigwa kabla hata hujatoka nyumbani. Kibali cha mtandaoni cha kuingia Kanada kwa wasiohitaji viza ni dola 7 za Kanada, basi, lakini ukitafuta kwenye mtandao vinavyotokea juu kabisa ni matangazo ya saiti zimepakwa bendera na nembo kama za serikali, zinakutoza mara kadhaa ya hiyo kwa kazi ya kunakili majina yako kwenye fomu ileile. Angalia anwani ya saiti mpaka mwisho wake, siyo rangi zake. Tiketi za Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, nazo zilikuwa zinakauka dakika zilezile zinazotoka, kumbe kuna waliokuwa wanazizoa kwa programu za kompyuta na kuzirudisha sokoni kwa bei juu zikiwa zimefungwa pamoja na huduma nyingine. Aprili 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ikawapiga faini karibu yuro milioni 20, wakiwemo waliokuwa na kazi ya kuziuza hizo tiketi kihalali! Sasa mtalii aliyenyimwa tiketi ya yuro 18 akalazimika kununua kifurushi, naye alizubaa?

Hoteli za Marekani zilikuwa zinakuonyesha bei nzuri, unafika mwisho wa kulipa, au mbaya zaidi unafika kaunta, unaambiwa kuna ada ya kila usiku ya bwawa na intaneti, utumie usitumie. Toka Mei 2025 kanuni ya shirikisho inawalazimu waonyeshe jumla na hizo ada toka mwanzo. Kwaiyo inawezekana wakuu. Bei kamili kabla ya huduma, ndo kitu pekee ninachodai, sidai punguzo.

Halafu kuna wale wanaosema "aliyepanda ndege ana hela, aache kulia". Hii kauli inaniudhi kuliko zote. Ndege zimejaa wanafunzi wenye ada ya muhula mfukoni, watu waliochangiwa na ukoo mzima wakatibiwe, mama kampeleka mtoto hospitali hajui lugha hata moja ya huko. Hawa ndo wanaopigwa kirahisi kwasababu wana haraka na wana hofu. Delhi dereva anamwambia mgonjwa hoteli yako imefungwa, au imeungua, anampeleka "ofisi ya utalii" ya rafiki yake akauziwe chumba na gari kwa bei ya kuua. Ofisi ya kweli ya tiketi za treni kwa wageni iko ndani ya stesheni ya New Delhi yenyewe, ghorofa ya kwanza upande wa Paharganj, na mtu akikwambia imehama au imeungua mpite tu. Uwanja wa ndege wa Delhi kuna kibanda cha teksi za kulipia kabla cha polisi, unalipa pale, unapewa karatasi, na karatasi ya dereva usimkabidhi mpaka umefika mlangoni unakokwenda.

Kuna mtu humu kaniandikia inbox anaondoka na mzazi wake kwenda Chennai, India, kwa matibabu. Mliokwenda huko karibuni naomba wekeni bei halisi za teksi kutoka uwanja wa ndege na vyumba vya karibu na mahospitali, na mseme mlilipa lini. Wa "mjini shule" naomba mkae pembeni kwa leo.