Vivuli vyangu vinatoka kama masizi, Monet na wenzake walifanyaje?

rangi_entebbe: Jamani naombeni msaada. Jumamosi huwa naenda na rangi zangu za akriliki pale Bustani ya Mimea ya Entebbe kuchora miti ya upande wa ziwani, kwa macho naona kabisa jua linachezacheza kwenye majani, lakini nikimaliza picha imelala tu, vivuli vyeusi tii. Bustani walizochora kina Monet na Renoir, wale wachoraji Wafaransa wa zamani, nikizitazama hata kwenye simu nasikia joto la jua. Walikuwa wanafanya nini?

nyabo_wa_brashi: Pole ssebo. Nyeusi iache nyumbani! Kivuli kwenye nyasi nacho kina mwanga wake, unatoka angani, ndiyo maana kina ubuluu. Tafuta ile picha ya Renoir ya bembea, ya 1876, gauni la yule dada ni jeupe lakini ukivuta karibu limejaa buluu na zambarau, na jua linalopenya kwenye majani kalipaka madoa madoa tu, hakuna mstari. Halafu weka rangi ya chungwa jirani na buluu uone zinavyopandishana, hilo mkemia Chevreul alishalieleza tangu 1839.

mzee_turubai: Nyabo kasema kweli ila mwanga hausubiri mtu. Monet alipochora wanawake bustanini mwaka 1866, turubai lake la kuchorea lilikuwa na kimo cha mita 2 na nusu hivi, akachimba mtaro akawa analishusha humo kwa kapi ili afikie juu bila kuhama pale aliposimama, we fikiria mtu anachimba shimo kwa ajili ya picha! Baadaye, kwenye picha za lundo za ngano kule kijijini kwake Giverny, jua likisogea anaweka turubai chini anachukua lingine. Sasa wewe unachora saa ngapi? Hapa kwetu ikweta saa sita jua liko utosini, kivuli kimejificha chini ya mti. Nenda saa moja na nusu asubuhi, beba vibao viwili vidogo, saa tatu badilisha.

nyabo_wa_brashi: Na akriliki inakauka haraka, wale walikuwa na rangi za mafuta zinazochelewa kukauka, wanapaka rangi mbichi juu ya mbichi. Nyunyizia maji kidogo kidogo.

rangi_entebbe: Mzee umenishika, huwa naenda saa tano! Leo nimejaribu kivuli cha mwembe hapa uani kwa buluu na zambarau bila nyeusi hata tone, mama kapita akauliza mbona leo umechora jua.