Konde la uwandani, nataka kuacha kuchoma moto. Nianzie wapi?

mwana_uwanda:
Asalam aleikum jamani. Mie nina konde Makunduchi, uwandani, mawe matupu, udongo umo kwenye vishimo vya mawe tu, jembe halizami, kupanda sharti mtaimbo. Wazee wetu walikuwa wanafyeka kichaka, wanachoma, wanalima mtama na mbaazi na muhogo miaka miwili mitatu, ardhi ikichoka wanahama wanaiacha ipumzike mpaka kichaka kirudi. Saivi pa kuhamia wapi, kila upande washapiga bikoni za viwanja. Kwahiyo mie sitafuti magunia mengi mwaka huu, nataka konde hilihili nilime mfululizo lisinichokee. Mwaka jana niliona video ya mtu wa bara nikatia majivu ndoo kwa ndoo, tungule zikatoka njano majani machanga, mishipa tu ndo kijani. Nimekosea wapi?

kinongo_pemba:
Wa aleikum salaam. Majivu ndo yalokuponza sheikh. Udongo wenu umetokana na matumbawe, ni chokaa, na majivu nayo yanafanya kazi ileile ya chokaa, umezidisha palipokwishazidi. Chuma kimo ardhini lakini mzizi haukipati, ndo maana majani yakawa njano, na fosforasi nayo inafungwa hukohuko. Majivu yatufae sisi wa kinongo, udongo wetu mwekundu mvua zimeuosha mpaka una asidi. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja uutilie siki, ukitoa povu basi majivu yabaki jikoni.

bi_kunde:
Mie nipo Jambiani, mawe yenu na yetu ni mamoja. Usijaribu kurutubisha konde zima utakufa na kazi, rutubisha vishimo. Kila kishimo nakitia samadi ilooza (mbichi inaunguza, usiwe na haraka), majani, maganda ya muhogo, halafu nafunika juu kwa makuti makuukuu jua lisiukaushe udongo. Nafanya hivo kabla ya masika. Mwani unaotupwa na bahari naokota pia ila kwanza naurundika nje mvua iuoshe chumvi, msimu wa kwanza sikuuosha, miche yote ikaungua ncha. Na ukivuna kunde usizing'oe, kata shina uache mizizi, vile vifundo vya kwenye mizizi ndo mbolea yenyewe. Mbaazi hivohivo, majani yake yakipukutika yaache palepale, watu wanayafagia eti shamba liwe safi, usafi gani huo?

dogo_shamba:
mbona mnajitesa, tia mbolea ya yuria wiki mbili kijani mwaa

kinongo_pemba:
@dogo_shamba kwenye udongo wa chokaa yuria ukiimwaga juu inageuka hewa inaondoka zake, pesa yako inapaa. Ukitaka kutumia ifukie, tena kidogokidogo. Na haikujengei udongo, mwakani upo palepale dukani. Mie mwenyewe nishapita huko, konde langu lipo mlimani chini ya mikarafuu, mvua ya masika ikashuka nayo yote bondeni, wa bonde ndo alivuna 😂 saivi nimepanda majani ya ng'ombe mistari ya kukinga mteremko, udongo unabaki.

mwana_uwanda:
Nimetia siki, povu kama soda! Ahsante sana. Bi Kunde, nikifunika makuti mchwa hawaji? Halafu mbuzi wa jirani wanashinda kondeni, hizo mbaazi nitazikuta?

bi_kunde:
Mchwa wapo, makuti usiyagusishe na shina, acha kiduara kama sahani. Mbuzi hao ndo vita. Mie nimechomeka fito za mti wa gilirisidia pembezoni, zile wanazopandishia vanila na pilipili manga huko kwenye viungo, zinachipua zenyewe, majani nakata natia vishimoni. Ila mpaka zishikane ni muda, na mbuzi nao wanayapenda majani yake, mwaka huu nimezungusha nyavu kuukuu za wavuvi. Kwako kaongee na mwenyewe kwanza, ukikubaliana nae mwombe na samadi yao.

mwana_uwanda:
Samadi ya mbuzi walokula kunde zangu, ntamwambia ni haki yangu 😅