Mchango wa chuo chetu: upite wapi, na ununue nini?

Kutoka: mjumbe, Leeds

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zangu, salaam.

Tangu nilipotoa wazo la kukichangia chuo chetu, wengi mmeniandikia pembeni, na karibu wote mnauliza jambo moja: nitume kwenye akaunti gani? Naomba tusimame hapo kidogo. Chuo chetu ni kidogo, ni cha umma, na tulisomeshwa pale kwa kodi ya watu ambao watoto wao wengine hawakufika hata sekondari. Deni hilo nalisikia moyoni.

Lakini mara ya mwisho tulichanga kwa haraka. Tulinunua hadubini 12 zilizotumika, zikakaa bandarini miezi minne kwa sababu hakuna aliyeomba msamaha wa ushuru kabla meli haijaondoka. Zilipofika maabara, taa zake zikaanza kuungua, na za kubadilishia za aina ile hazipatikani kule. Ziko kabatini mpaka leo. Nilizifunga kwenye maboksi kwa mikono yangu, na bado naumia.

Safari hii tuelewane kwanza.

---

Kutoka: mweka hazina wa zamani, Minneapolis

> nitume kwenye akaunti gani?

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kutusimamisha.

Aliye Marekani akituma fedha moja kwa moja kwa chuo cha nje amefanya jema, ila kwenye hesabu za kodi mchango huo kwa kawaida hautambuliki. Unaotambulika ni ule unaopewa shirika lililosajiliwa huku chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kile cha mashirika ya hisani. Ndiyo sababu vyuo vingi vya nje vina chama cha marafiki wa chuo kilichosajiliwa Marekani. Chama kidogo, kinachotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, kinaweza kuomba kwa fomu fupi ya 1023-EZ. Baada ya hapo kuna taarifa ya kila mwaka, 990-N, inayojazwa mtandaoni kwa dakika chache. Ikikosekana miaka mitatu mfululizo, hadhi ya chama inafutika yenyewe. Nimeshuhudia chama kikifa hivyo, na hakuna aliyeiba hata senti. Katibu alihama na nywila hakuikabidhi.

Bodi ya huku iwe na mamlaka ya kweli juu ya matumizi. Chama kikiwa bomba tu la kupitishia fedha, mamlaka ya kodi itauhesabu mchango kuwa umekwenda nje moja kwa moja. Na anayetoa dola 250 au zaidi kwa mara moja apewe barua ya kupokea mchango. Bila hiyo hawezi kuudai kwenye kodi.

Kwangu mimi, hata hivyo, faida kubwa iko kwa mwajiri. Waajiri wengi wakubwa huku huongeza kiasi kilekile alichotoa mfanyakazi, mradi shirika liwe limesajiliwa. Unatoa 300, mwajiri anaweka 300. Kila mmoja aulize idara ya rasilimali watu kazini kwake wiki hii. Tumeacha fedha hiyo mezani miaka mingi.

---

Kutoka: mjumbe, Birmingham

Shikamoo mzee. Naongeza la upande wetu: shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza hudai Gift Aid, kodi ambayo serikali huirudisha kwa shirika, yaani kila pauni 100 ya mlipakodi inakuwa 125 bila yeye kuongeza chochote. Sharti ni ajaze tamko, na awe amelipa kodi inayotosha kufidia kinachodaiwa. Kwa England na Wales, kikundi cha hisani kikivuka mapato ya pauni 5,000 kwa mwaka kinapaswa kujisajili.

---

Kutoka: mjumbe, Leiden

Ndugu zangu, nami nafundisha chuo, kwa hiyo nijibu lile la tununue nini.

Tusichangie majarida kabla ya kuuliza. Kuna mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida na vitabu, kwa baadhi ya nchi bure na kwa nyingine kwa ada ndogo. Mara nyingi chuo kimeshajisajili, ila ni mkutubi mmoja tu anayejua namna ya kuingia. Hapo kinachohitajika ni siku mbili za mafunzo na intaneti inayoshika.

Pengo kubwa naliona kwenye utafiti wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wengi wanachagua mada kwa kuangalia mfukoni. Aliyetaka kupima maji ya kisima anaishia kugawa dodoso, kwa sababu kuchapa karatasi ni rahisi kuliko kununua kemikali na kulipia vipimo. Anahitimu bila kugusa swali lililomleta maabara. Dola 200 tu zingebadilisha mwaka wake, na msimamizi wake naye angepata data ya kuandikia makala. Ubora wa chuo unaanzia hapo zaidi kuliko kwenye jengo lenye jina letu ukutani.

---

Kutoka: mjumbe, Leeds

Kaka, nakubali, ila wapo wanaokatisha masomo kwa kukosa ada. Tutawaambia nini hao?

---

Kutoka: mweka hazina wa zamani, Minneapolis

Mwanangu, swali lako limeninyima usingizi. Nimepiga hesabu.

Tukipata watu 60 wa kutoa dola 25 kila mwezi, tuzigawe: 15 ziende kwenye wakfu, yaani mfuko unaowekezwa na kutolewa sehemu ndogo tu kila mwaka, na 10 zitumike sasa. Hizo 10 zinatupa dola 7,200 kwa mwaka, na hizo ziwe za ada kwa waliokwama. Wakfu unapata 10,800 kwa mwaka, kwa hiyo ndani ya miaka 5 umeshapita 50,000 hata kabla ya faida. Mifuko mingi ya vyuo hutoa asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka na kuacha faida iliyobaki ipambane na mfumuko wa bei. Asilimia 4 ya 50,000 ni 2,000: watafiti wanafunzi 10 kila mwaka, hata sisi tukiwa hatupo.

Kabla ya senti ya kwanza kuondoka, tusaini hati ya makubaliano na chuo. Iseme nani anawachagua wanafunzi, ripoti inakuja mwezi gani, fedha inakwenda wapi idara ikiunganishwa na nyingine. Na iseme wazi kwamba bajeti ya idara haitapunguzwa kwa sababu sisi tumechangia. Hicho kifungu msikiache, ndicho kinachosahaulika.

---

Kutoka: mjumbe, Leeds

Nimeelewa, mzee. Ahsante. Naandika barua kwa mkuu wa idara kumuuliza wanafunzi wangapi mwaka huu walibadili mada kwa kukosa fedha, na kemikali zipi zimekwisha. Kaka wa Leiden, nakutumia rasimu Ijumaa usiku uipitie kabla haijaondoka. Na nitamwomba fundi wa maabara anipigie picha za zile taa za hadubini, tuone kama zinaweza kubadilishwa.