Kuchaji gari la umeme Kampala: Yaka ya nyumbani (umeme wa kulipia kabla), chaja ya kulipia, sola au jenereta, ipi nafuu?

Mhasibu_Jinja
Swali hili linarudi kila wiki, na kila mara kuna anayechukua ukubwa wa betri, anauzidisha kwa bei ya uniti moja (yaani kWh moja), halafu anashangilia. Hesabu hiyo ina matundu mawili.

La kwanza ni upotevu. Mita inasoma umeme unaotoka ukutani, na chaja iliyo ndani ya gari hupoteza sehemu yake kama joto. Kwa kila uniti 100 za Yaka, tarajia 85 hadi 90 zifike kwenye betri.

La pili ni kwamba uniti za nyumbani hazina bei moja. Uniti 15 za mwanzo wa mwezi ni shilingi 250. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 unalipa bei kamili. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi 412, ngazi iliyowekwa ili watu waache makaa wapikie umeme. Ukivuka 150, bei kamili inarudi. ERA, mamlaka inayosimamia bei za umeme, huipitia bei kamili kila miezi mitatu, kwa hiyo hapa natumia 760 kama mfano, kabla ya VAT ya 18%.

Chukua Nissan Leaf inayokwenda kilomita 1,000 kwa mwezi na kula uniti 16 kwa kilomita 100. Betri inahitaji uniti 160, maana yake mita itasoma karibu 184. Kama nyumba yenyewe hutumia 80, gari linaanzia pale penye nafuu: 70 × 412 ni 28,840, na 114 zilizobaki × 760 ni 86,640. Jumla 115,480, ukiongeza VAT ni kama 136,000. Kama nyumba imeshamaliza 150 kwa friji, pasi na jiko, gari lile lile litakula karibu 165,000.

Petroli sasa. Gari dogo la kilomita 12 kwa lita kwenye jamu ya Kampala linahitaji lita 83. Kwa 5,000 kwa lita, hiyo ni kama 417,000.

Boda_Ntinda
Kwa hiyo nikichaji usiku wa manane inashuka zaidi? Video zote za Ulaya zinasema chaji usiku.

Mhasibu_Jinja
Nyumbani hapana, ndugu yangu. Bei inayofuata saa ni ya wafanyabiashara na viwanda: saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ndiyo ghali, saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi ndiyo rahisi. Mita ya nyumbani haiangalii saa, inahesabu tu umefika uniti ya ngapi mwezi huu. Mwenye gereji au duka lenye mita ya biashara, huyo ndiye wa kuweka taima.

FundiUmeme_Mbale
Bei haibadiliki, lakini usiku bado una faida, nayo ni volti. Jioni watu wakiwasha majiko na heta za kuogea, nyumba za mwisho wa laini hushuka hadi volti 190 au chini yake. Gari huvuta ampea zile zile ulizoiwekea. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, kwa volti 190 ni 1.9. Leaf ya kWh 40 kutoka 20% hadi 80% inahitaji kama uniti 27.6 kwenye mita: muda wa saa 12 kwa volti nzuri, saa 14 na nusu kwa volti mbovu. Tena muda ukirefuka upotevu unaongezeka, maana kompyuta na pampu za gari hubaki macho muda wote wa kuchaji.

Na msichaji kwa ampea 13 kwenye soketi ya kawaida usiku kucha. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya 13, ndiyo, lakini soketi haikutengenezwa kubeba mzigo huo saa kumi mfululizo. Skrubu za nyuma zikilegea kidogo, joto linaanza hapo: plastiki inageuka kahawia, kisha plagi inagoma kutoka. Weka 8 au 10. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa moto kiasi kwamba huwezi kuishika, zima.

Dada_Entebbe
Na ukitaka chaja ya ukutani ya ampea 32?

FundiUmeme_Mbale
Laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, dada. Waya wa milimita za mraba 6, breka ya 40, na kinga ya uvujaji (RCD) inayotambua pia umeme wa DC, ule wa mkondo mnyoofu kama wa betri (aina B, au aina A kama chaja yenyewe ina kitambuzi cha miliampea 6). Ile RCD ya bei rahisi ya aina AC inaweza kupofushwa na DC ya gari isikate kabisa siku ya hatari. Nguzo ya ardhi ipimwe kwa mita, isikisiwe. Ongeza kikinga radi, maana ukanda huu wa ziwa radi zake si za mchezo, na kifaa cha kukata volti zikipita 260 au zikishuka chini ya 185, chenye kuchelewa dakika 3 hadi 5 umeme unaporudi. Kile kidude cha kulinda friji hakifai, kimetengenezwa kwa ampea 13.

Kabla ya yote, angalia ukubwa wa laini inayoingia nyumbani. Heta ya bafuni ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23. Ijumlishe na gari la 32 na jiko, laini ya 60 inaanguka.

Sola_Kasese
Naona hakuna aliyegusa sola. Paneli 7 za wati 450 hutoa kama uniti 11 au 12 siku yenye jua zuri, na gari la Mhasibu linahitaji kama 6 kwa siku. Shida ni saa: jua lipo gari likiwa mjini. Ukihifadhi kwenye betri ya nyumba kisha uhamishie garini unapoteza mara mbili, na betri ya nyumba inachakaa kwa kulisha gari. Sola inalipa kwa gari linalolala mchana, kama la ofisini au taksi ya usiku.

Jambo jingine: chaja nyingi hukataa kuanza kwenye inveta au jenereta kwa sababu nyutro haijaunganishwa na ardhi. Taa nyekundu inawaka, mtu anadhani chaja imekufa. Fundi aunganishe nyutro na ardhi mahali pamoja tu, kwenye chanzo.

Boda_Ntinda
Jenereta je, umeme ukikatika?

Mhasibu_Jinja
Jenereta ndogo ya petroli hutoa kama uniti 2 kwa lita. Hiyo ni 2,500 kwa uniti, yaani 46,000 kwa kilomita 100. Gari la petroli linakula chini ya 42,000. Utakuwa umenunua gari la umeme ili uchome petroli nyingi zaidi. Ya dharura tu.

Kwa chaja ya haraka ya kulipia, kumbuka namba mbili. Nyumbani bei kamili na VAT ni karibu 900 kwa uniti. Ukitozwa zaidi ya 2,600 umerudi kwenye gharama ya petroli. Kati ya hapo unalipia muda wako. Na uliza plagi kabla ya kuendesha hadi huko: Leaf inataka CHAdeMO, magari mengi kutoka China yanataka GB/T, mengine CCS2.

Dada_Entebbe
Kebo iliyokuja na Leaf ya Japani naweza kuichomeka moja kwa moja?

FundiUmeme_Mbale
Soma kibandiko kwenye boksi la kebo. Kikisema 200V 15A tu, usiichomeke kwenye 240 yetu hata ukibadilisha kichwa cha plagi. Gari lenyewe linaweza kustahimili 240, boksi la kebo ndilo huungua. Nunua kebo mpya ya Type 1 (aina ya plagi ya upande wa gari) iliyoandikwa 220–240V, yenye kitufe cha kuchagua ampea.

Na Yaka ikiisha katikati ya usiku, magari mengi huendelea yenyewe ukishaingiza tokeni. Ila kama umeweka taima ndani ya gari na muda wake umepita, litasubiri usiku wa kesho, asubuhi unakuta 30%. Nyumbani taima haikupunguzii bei, izime.